Kabla Mbeya haijajenga moli, tujue kilichoziua za wengine

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo hurudi kila mara katika mazungumzo ya wafanyabiashara wa hapa Mbeya, nalo ni haja ya kuwa na moli, yaani jumba moja kubwa lililofungwa pande zote, lenye supamaketi na maduka ndani na uwanja wa kuegeshea magari nje. Hoja hiyo ina mashiko. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 katika Jiji la Mbeya, na ile ya 2022 ikahesabu 541,603. Watu wa Chunya, Mbarali, Rungwe, Kyela na Songwe hununua hapa, na wapo wanaovuka mpaka kutoka Zambia kupitia Tunduma au kutoka Malawi kupitia Kasumulu. Barabara kuu inapanuliwa kuwa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, na kila mwenye kiwanja kando yake sasa anakitazama kwa jicho jingine.

Sipingi ujenzi. Ninachoomba ni kwamba, kabla ardhi haijatolewa na mkataba haujatiwa saini, tujiulize majumba ya namna hii hufa kwa ugonjwa gani, kwa sababu huko yalikoanzia yamekufa mengi, na mimi mwenyewe nilikuwa mpangaji ndani ya moja lilipokuwa linakata roho.

Moli ya kwanza ya Marekani iliyofunikwa yote na kupashwa joto wakati wa baridi ni Southdale, iliyofunguliwa mwezi Oktoba 1956 katika mji wa Edina, pembezoni mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota. Aliyeichora ni Victor Gruen, msanifu majengo Myahudi mzaliwa wa Vienna aliyekimbilia Marekani mwaka 1938 kuwakwepa Wanazi. Sisi wa nyanda za juu tunajua baridi ya Juni na Julai, lakini baridi ya Minnesota ni ya theluji ya miezi kadhaa, kwa hiyo wazo la kutembea dukani hadi dukani bila koti lilikuwa faraja ya kweli. Gruen aliweka chini ya paa moja maduka mawili makubwa yaliyokuwa washindani, Dayton's na Donaldson's, na katikati yake akaweka ua wa ndani wenye mimea na mwanga unaoingia kutoka juu, kwa kuwa alikumbuka viwanja vya Vienna ambako watu hukaa na kuzungumza bila kulazimika kununua kitu. Katika michoro yake moli ilikuwa kiini cha mji mdogo: kando yake zingekuwapo nyumba za kuishi, shule, huduma za afya na ofisi. Walioiga kazi yake walichukua jumba na uwanja wa magari wakaacha mengine yote, na katika miaka yake ya mwisho, akiwa amekwisha kurudi Vienna, alisema hadharani kwamba hataki kuhesabiwa kuwa baba wa majumba hayo.

Zilienea kwa kasi kwa sababu nyingi, na iliyo dhahiri ni gari. Familia zilihama katikati ya miji kwenda vitongojini, na sheria ya barabara kuu ya mwaka huohuo wa 1956 ikawajengea njia ya kufika popote. Lakini ipo sababu moja isiyotajwa sana ambayo ningependa wakubwa wetu waitafakari. Mwaka 1954 Marekani ilibadilisha kanuni za kodi, ikaruhusu mwenye jengo jipya la biashara kukata uchakavu mkubwa katika miaka ya mwanzo, yaani kuhesabu kushuka kwa thamani ya jengo kama gharama, na hivyo kupunguza kodi aliyodaiwa. Kuanzia hapo jengo jipya liliweza kuwa na faida kwa mwenye fedha hata kama wateja wa eneo lile hawakuongezeka, na ilimfaa zaidi kujenga jingine kuliko kutengeneza la zamani. Mtu akijenga duka kwa ajili ya hesabu za kodi, huyo hajengei mnunuzi. Ndiyo maana moli zilisimama karibu karibu kuliko ambavyo mifuko ya watu ingeweza kuzilisha.

Namna jumba hilo linavyoishi inahitaji kuelezwa taratibu, kwa sababu ndipo penye siri ya kifo chake. Moli ya kuhudumia eneo zima, kwa vipimo vya Wamarekani, huanzia takribani mita za mraba 37,000, na husimama juu ya maduka makubwa mawili au zaidi ambayo huyaita nanga. Kwa miongo mingi nanga hizo zilikuwa kampuni kama Sears na JCPenney. Nanga huwekwa kwenye ncha za jumba, na maduka madogo ya viatu, vito, miwani na nguo hupangwa katika korido inayoziunganisha, ili mtu anayetoka ncha moja kwenda nyingine apite mbele ya milango yote. Kwa kuwa nanga ndiyo inayovuta watu, hulipa pango dogo mno, au humiliki kabisa sehemu yake ya jengo. Pango halisi hulipwa na wale wadogo wa katikati. Kwa maneno mengine, mdogo humlipia mkubwa ili mkubwa amletee wapita njia. Mpango huo ni wa haki maadamu mkubwa yupo.

Mkubwa akiondoka, kila kitu hugeuka. Wapangaji wa Marekani walijifunza mapema kudai kifungu katika mikataba yao kinachosema kuwa nanga ikifunga, wao watalipa pango pungufu au watakuwa huru kuhama. Kifungu hicho kiliwaokoa wao na kuangusha jumba haraka zaidi, kwa kuwa nanga moja ikifungwa mapato ya mwenye jumba yanaporomoka siku ambayo anahitaji fedha nyingi kutafuta nanga nyingine. Randall Park, katika kijiji cha North Randall jimbo la Ohio, ilifunguliwa mwaka 1976 ikiwa miongoni mwa moli kubwa kabisa za wakati wake. Ilifungwa mwaka 2009, ikabomolewa, na mahali pake pakajengwa ghala la Amazon, kampuni inayouza bidhaa kwa intaneti, lililoanza kazi mwaka 2018. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Sears iliomba kinga ya mufilisi, yaani mahakama iikinge dhidi ya wanaoidai, na JCPenney ikafuata mwezi Mei 2020. Wengi husema ni intaneti iliyoziua moli. Intaneti ilimkuta mgonjwa kitandani. Moli nyingi zilikuwa zimekwisha kuhamwa kabla ya simu za kisasa kuingia mikononi mwa watu, kwa sababu moli mpya ilikuwa imejengwa kilomita chache mbele na nanga ikahamia huko.

Asiseme mtu kuwa hayo ni ya Marekani na hayatuhusu. Mlimani City ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 2006 kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilianza na supamaketi ya Shoprite ya Afrika Kusini. Mwaka 2014 Nakumatt ya Kenya ilichukua maduka ya Shoprite nchini mwetu, na haikumaliza miaka mitano kabla ya kuelemewa na madeni yake na kufunga milango. Uchumi, ya Kenya pia, ilikwisha kuondoka Tanzania mwaka 2015. Mlimani City yenyewe ilisalimika, na kwa maoni yangu haikusalimika kwa bahati: ina chuo mgongoni, ina ukumbi wa mikutano, ina benki na ofisi, na ipo kando ya barabara inayopitwa na daladala mchana kutwa. Watu wana sababu kumi za kufika pale hata supamaketi ikifungwa. Jumba la mkoani lenye sababu moja tu halina pa kujishikilia.

Naomba sasa nieleze yaliyonikuta. Jumba lenyewe na mji wake sitavitaja, kwa kuwa mwenye jumba hakuniibia na nia yangu si kumshtaki. Nauza vitambaa vya pazia na mashuka. Dalali alinitembeza siku ya Jumamosi katika jumba jipya la ghorofa mbili, katika mji mmoja wa nyanda hizi. Chini palikuwa na supamaketi iliyojaa watu, watoto wakisukumwa ndani ya vitoroli, na ngazi pana za marumaru zikipanda hadi mbele ya fremu niliyokuwa nikionyeshwa. Nililipa pango la mwaka mzima kwa mkupuo, nikafunga rafu, nikatundika mapazia matatu ya mfano mlangoni, na kwa miezi minane biashara ilikwenda vizuri. Akina mama waliomaliza kununua mchele na sabuni walipanda kuangalia tu, na katika kumi walioangalia, wawili walikwenda kupima madirisha yao wakarudi.

Dalili ya kwanza niliiona kwenye rafu za supamaketi. Mahali palipokuwa na mafuta ya kula, unga na maziwa ya unga, sasa palipangwa karatasi za chooni, pakiti moja moja, zimesogezwa hadi ukingoni kabisa kwa urefu wa rafu nzima. Ukipeleka mkono nyuma ya mstari ule hukugusa kitu. Wiki chache baadaye friji za nyama zilizimwa na vifuniko vyake vikaachwa wazi ili zisinuke. Binti mmoja wa kaunta, aliyekuwa akinunua kwangu mashuka kwa kulipa kidogo kidogo, aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama, wanaoleta mzigo hawajalipwa, hawaleti tena." Mwisho wa mwezi shata la chuma liliteremshwa, na karatasi ikabandikwa kusema kuwa duka limefungwa kwa ukarabati.

Tangu siku hiyo hapakuwa na sababu ya mtu kupanda ngazi zile. Asubuhi moja nilisimama kwenye kingo za ghorofa nikahesabu walioingia mlango mkubwa kuanzia saa nne hadi saa saba mchana. Walikuwa 31, na wengi walikwenda moja kwa moja kwenye mashine ya kutolea fedha, wakachukua chao, wakatoka. Gharama za jenereta, mlinzi na usafi, tulizokuwa tukichangia wapangaji 40, ziligawanywa kwa 22 waliobaki, kisha kwa 11, kila mmoja akilipa zaidi kwa ajili ya korido yenye wateja wachache zaidi. Jirani yangu wa viatu alihamisha mali yake usiku mmoja bila kuaga. Meneja, katika kubana matumizi, alizima taa za korido mchana, na kwa kuwa jumba lile halikuwa na madirisha, mteja aliyefika ghorofani alikuta giza, akageuka. Nilipokwenda kuomba nirudishiwe pango la miezi iliyobaki, nilionyeshwa mkataba wangu wa kurasa nane, na hapakuwa na neno hata moja kuhusu supamaketi. Mimi nilikuwa nimelipia wapita njia, lakini karatasi ilisema nimelipia kuta.

Kuna jambo jingine la jumba lile ambalo halinitoki. Ukuta wake wa upande wa barabara ulikuwa mtupu mwanzo hadi mwisho, hauna mlango wala dirisha, kwa sababu mlango ulielekezwa nyuma kwenye maegesho ya magari. Daladala zilisimama upande ule wa ukuta. Mama mmoja alikuwa akitandika kiroba pale na kupanga ndizi na parachichi za Rungwe, na kila asubuhi mlinzi alimfukuza kwa kuharibu sura ya jengo. Alikuwa na wateja tangu daladala ya kwanza hadi magharibi. Mlinzi alipoacha kazi kwa kukosa mshahara, ukuta mzima ulijaa meza za mitumba, chaja za simu na viazi, na biashara ikachangamka kuliko ilivyowahi kuwa ndani. Wateja walikuwapo muda wote ule, hatua tano kutoka kwetu, na ukuta ndio uliotutenga nao.

Ndiyo maana nikisikia moli ya Mbeya, nauliza kwanza mlango utaelekea wapi. Mteja wa Mbeya haji na gari lake. Anakuja na daladala, bajaji au basi la Kyela, amebeba debe la mchele wa kuuza, na akishauza anataka kununua hapohapo, afunge mzigo wake kwenye kiroba na kuwahi basi la jioni. Mfanyabiashara wa nguo naye huagiza Kariakoo kwa simu, mzigo unapandishwa basi, anaupokea stendi alfajiri. Jumba litakalowekwa mbali na mienendo hiyo, hata likipambwa vipi, litakuwa linamngoja mtu asiyekuwapo.

Wala sisemi kuwa tubaki na mabanda. Soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006, na soko la SIDO, walikokwenda wengi wetu baada ya hapo, likateketea mwaka 2017. Anayesema mabanda ya mbao yanatutosha hajawahi kusimama usiku akitazama mtaji wa miaka yake unavyowaka huku gari la zimamoto halina pa kupenya. Tunahitaji majengo ya zege, yenye njia pana, maji ya kuzimia moto na nyaya zilizofungwa na fundi anayejua kazi. Tunahitaji paa, maana mvua zetu za Novemba hadi Aprili hazina huruma kwa mali iliyotandikwa chini. Lakini paa si lazima liwe na kuta za kuzuia mtu. Msanifu wetu wenyewe, Beda Amuli, alilionyesha hilo katika soko la Kariakoo lililojengwa miaka ya 1970: miavuli mikubwa ya zege inayokinga jua na kukusanya maji ya mvua, na chini yake hewa na watu wanapita kutoka mtaa hadi mtaa. Jengo hilo lilipatwa na moto Julai 2021, na hilo lapaswa kutufundisha kuhusu uangalizi, lakini uamuzi wa kuliacha wazi kwa mitaa inayolizunguka ulikuwa sahihi, na kwa karibu nusu karne halikuwahi kukosa watu.

Kwa hiyo, ikiwa mwekezaji atakuja na mchoro wa moli, na akipewa ardhi ya umma, ningeomba madiwani wetu wasimame kidete katika mambo machache. Fremu za chini zifunguke barabarani, pande zote zinazopitwa na watu, na kituo cha daladala kiwe sehemu ya mchoro badala ya kufikiriwa baadaye. Pango la wadogo lifungamanishwe na uwepo wa duka kubwa, kwa kifungu kilichoandikwa kwa Kiswahili ambacho muuza vitambaa anaweza kukisoma na kukielewa kabla ya kulipa: duka kubwa likifungwa kwa zaidi ya miezi mitatu, pango lishuke, au mpangaji arudishiwe miezi aliyokwisha kulipia. Eneo la supamaketi lijengwe kwa namna ambayo linaweza kugawanywa kuwa fremu ndogo bila kubomoa jengo, kwa kuwa siku ya kuligawa huenda ikafika. Na akina mama wa ndizi, viazi na parachichi wapewe sehemu yao chini ya paa hilohilo, kwa ushuru wanaoumudu, kwa sababu wao wana wateja kila siku ya Mungu na hawahitaji nanga ya kuwaletea.

Pia ningeomba mkataba wa ardhi wenyewe useme waziwazi kwamba jumba likikaa bila kutumika kwa muda utakaokubaliwa, ardhi inarudi kwa halmashauri. Miji ya Marekani iliyokosa kinga hiyo ilikaa miaka na majumba yaliyofungwa, paa zikivuja na maji yakituama kwenye korido, huku halmashauri zikihangaika na wamiliki wa mbali ambao hawakujali kodi wala kubomoa.

Niliyobaki nayo kutoka fremu ile ya ghorofani ni rafu mbili za mbao na mapazia matatu ya mfano, ambayo sasa yametundikwa mlangoni kwangu hapa Mwanjelwa, futi sita kutoka barabarani. Kila siku mtu fulani akipita huyashika kwa vidole, huuliza bei ya mita, na wengine huingia. Nitakuwa wa kwanza kuomba fremu katika jumba jipya la Mbeya ikiwa mlango wake utaniruhusu kuyatundika mapazia hayo mahali ambapo mpita njia anaweza kuyashika.

Mfanyabiashara wa vitambaa,
Mwanjelwa, Mbeya